Nakala Arobaini

Mimi sikupiga chombo. Niliweka kaseti, nikabonyeza.
Kibanda changu kilikuwa Chikongola, ubavuni mwa fundi cherehani:
redio ya deki mbili, moja inasema, ya pili inaandika.
Vidole Vyeusi walinijia mwaka wa mgao mkali
na mfuko wa kaseti kuukuu za taarabu,
vijino vyake vimevunjwa ili zisifutwe.
Nikaziba matundu kwa karatasi ya sigara.
Nikafuta mapenzi ya watu arobaini.

Walikuwa watatu. Chilumba na mapipa yake,
Nangumbi na gitaa la nyaya za breki ya baiskeli,
Somoe Likapa kwenye besi.
Mama yake alibangua korosho miaka kumi na miwili;
kiwanda kilipofungwa akaenda kudai kiinua mgongo.
Weka dole gumba hapa, wakamwambia. Akaweka.
Karatasi ikatoa doa tupu, halina mstari hata mmoja.
Mafuta ya ganda yalikwisha kumla jina.

Basi albamu wakaiita *Ganda*.
Waliirekodi usiku mmoja humohumo kiwandani,
popo juu, mashine zimelala chini ya maturubai.
Bati linaburutwa kwenye saruji.
Pipa. Pipa. Kimya. Pipa.
Somoe haimbi, anahesabu kilo,
na kila akifika kumi anarudi moja.

Dakika thelathini na moja, mara arobaini.
Fundi cherehani alihamisha meza.
Nakala ya kwanza niliichukia, sifichi.
Ya tisa, niliizoea kama jino bovu.
Ya ishirini na mbili nikajikuta nangoja
pale upande wa pili, baada ya pipa kuanguka,
sauti zote zinapopaa, zinapaa,
gitaa linakuwa nyuki, Somoe anakuwa mtoto,
kisha pu. Hakuna kitu.

Ziliuzwa kumi na tisa.
Moja ilikwenda Tunduru na dereva wa lori, haikurudi.
Moja mzee Namkoma wa Nanyamba aliinunua makusudi
kufukuzia ngedere kwenye mihogo,
na ngedere, haki ya Mungu, walikimbia wiki nzima.
Mjukuu wake ndiye aliyelala dunguni na redio ile.
Betri zikiisha alizianika juani, akairudia.

Mjukuu huyo leo ana bendi Dar es Salaam.
Amekuja na vijana wanne, wamevaa nyeusi kwenye joto hili,
wameniletea soda, wanakaa chini kama wanafunzi.
Wanasema wapo wengine, Mbeya, Nairobi, Maputo,
na wote wanajaribu kuupata ule mpao.
Wamenunua mitambo. Wamefunga vitu kwenye vitu.
Mzee, mlifanyaje?

Tanesco, nikawajibu.
Umeme ulikuwa unakata. Kinasa sauti kilikufa polepole,
gurudumu likachoka, utepe ukatambaa;
na utepe uliotambaa, kesho ukiuchezesha kwa mwendo wake,
hukimbia.
Kinachozimika taratibu, ukikisikiliza baadaye, kinapaa.
Hawakucheka. Mmoja aliandika.

Wanataka kaseti mama. Wametaja laki tano.
Nikawatolea.
Wakaisikiliza: ngoma, vigelegele, mjomba anapima maiki,
harusi ya mdogo wangu Mwanahawa, mwaka uliofuata.
Sikuwa na kaseti nyingine, na harusi haingoji.
Nyuso zao zikaanguka moja moja.

Subirini, nikasema. Mwishoni kabisa,
watu wamekula, mtu ameubonyeza mkono wangu nizime,
zinabaki sekunde nne ambazo harusi haikuzifikia.

Pipa.
Somoe anasema saba, nane, tis

Wakaomba wakate kipande hicho tu, wanirudishie kilichobaki.
Mwanahawa tumemzika Februari.
Nikawaambia utepe haukatwi kama muhogo:
anayetaka pipa atabeba na vigelegele.
Wametoka nje kushauriana. Soda zao zinapoa moto.
Nawasikia, mmoja wao anahesabu
pesa, au kilo, kwa sauti ndogo,
na kila akifika kumi